Chuma Hakikohoi

Marehemu baba yangu alikuwa na namna yake ya kujua kama mota imepona. Akishaisuka upya kwa waya mpya wa shaba na vanishi ikakauka, aliifunga juu ya benchi la mbao uani kwetu, Vingunguti, akaiwasha ikiwa tupu, bila mkanda, bila kazi yoyote, akaiacha izunguke wakati yeye anakunywa chai yake. Akirudi aliweka kiganja mgongoni mwa ile mota na kuanza kumswalia Mtume, ile swala ndefu ya kwenye tahiyatu, polepole, mara tatu. Akimaliza na kiganja bado kipo, mwenye mali aliitwa aje aichukue. Akiutoa mkono kabla hajamaliza, alizima swichi, na siku hiyo nyumbani hakuna aliyemsemesha.

Wateja walidhani anaiombea dua. Wapo walioinamisha vichwa na kuitikia amina, na baba hakuwakatalia. Mimi aliniambia kwamba ile ni saa yake tu. Mkono wa mtu hauwezi kukaa juu ya chuma cha moto kwa muda wote huo, kwa hiyo mkono ukivumilia mpaka mwisho, mota ni nzima. Na kama ni lazima upime muda, alisema, heri uupime kwa kitu chenye thawabu.

Mimi ni mtoto wa pekee wa baba na mama. Kazi ya mota niliipata kwake, maana vidole vyangu vilikuwa vyembamba na viliingia kwenye mifereji ya chuma ya kulazia waya ambako vyake vilikwama. Sasa nimeajiriwa katika karakana moja upande wa Temeke, tunasuka mota kubwa za viwandani na kutengeneza transfoma. Wenzangu wananitania kwamba mota zinaniogopa, ndiyo maana zinapona. Sikatai. Mimi si mtu wa maneno matamu, na mwaka huu ndiyo nimekuwa mbaya zaidi.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni mashine ya kusaga ya mama. Anasaga sembe na dona za mtaa mzima, na wachinjaji kutoka machinjioni huacha mahindi yao asubuhi wakienda kazini na kuyachukua wakirudi. Mashine inazungushwa na mota moja ya zamani, kubwa, ya rangi ya kijani iliyobanduka. Mota hiyo baba aliisuka mara nyingi kuliko mota yoyote aliyowahi kuigusa. Iliungua, akaisuka. Ikaungua tena, akaisuka tena. Ilikuwa mzaha wa nyumbani kwetu, kwamba fundi anatengeneza mota za watu zinadumu, ya mkewe ndiyo haitulii. Mama alijibu kwamba labda na mota inajua nani halipi.

Mara ya mwisho aliisuka kifua kikiwa kimeshambana. Alikaa kwenye kigoda, anaingiza waya, anapumzika, anaingiza waya. Nilimwambia aniachie mimi. Akasema hii ya mama yako niachie mwenyewe. Aliifunga kwa uzi mweupe, ule mfungo wake wa kurudi nyuma kila baada ya pingili mbili, akaipaka vanishi, akaifungia mashineni. Baada ya hapo hakushika koleo tena. Masika yalipoisha tulimzika.

Mama alikaa eda, na mashine ikakaa imefungwa. Alipotoka eda aliifungua, akafagia, akawasha. Siku ya tatu au ya nne akanipigia simu nikiwa kazini.

"Mwanangu, mota ya baba yako siielewi. Nikiiwasha kidogo tu inaniunguza."

"Umeweka mkono?"

"Nimeweka. Hata swala ya kwanza sijafika nusu."

Nilikwenda Jumapili. Majirani walikuwa wameshatoa majibu yao: umeme wa siku hizi hauna nguvu, au mtu kamuonea mama kijicho kwa kuwa kafungua biashara mapema. Huyo wa kijicho nilimjibu vibaya, mpaka mama akanivuta ndani. Nilipima umeme, uko sawa. Nilizungusha kwa mkono, beringi laini, hazikwami. Nikapima koili za shaba moja moja, zote nzima, zinafanana, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Nikavua mkanda, nikaiwasha tupu kama alivyokuwa akifanya yeye, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, hata kabla sijaweka kiganja nililisikia joto usoni.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, kanga ya kichwani imeteleza.

"Usije ukaniambia nibadilishe," alisema. "Hii siibadilishi. Hii kaisuka yeye, anakohoa hivyo hivyo anasuka. Nyie mnaona mota, mie naona mikono yake."

Nikazima swichi. Nilikuwa nimeshajua ni nini, na nilitamani nisijue.

Watu wengi wanadhani mota ni shaba. Shaba ndiyo inayong'aa, na ndiyo wezi wanayoitaka. Lakini shaba imelala ndani ya chuma, na chuma hicho si pande moja. Ni mabati membamba, mengi, yamebanwa pamoja, na kila bati limepakwa ngozi nyembamba sana ya kulitenga na mwenzake. Umeme wetu huenda na kurudi bila kupumzika, na kila unapogeuka, sumaku iliyo ndani ya chuma nayo inalazimika kugeuka. Chuma hakipendi kugeuzwa. Kila mara kinadai chake, na kinachodaiwa kinatoka kama joto. Hasara hiyo ipo hata kwenye mota mpya kabisa. Waliotengeneza chuma hicho wanachanganya silikoni ndani yake ili kuipunguza, lakini hawajaimaliza. Halafu iko hasara ya pili. Sumaku inapogeuka huamsha umeme mwingine ndani ya chuma chenyewe, umeme ambao hakuna aliyeutuma na hausagi mahindi ya mtu. Ngozi za mabati zikiwa nzima, umeme huo unabaki umefungiwa ndani ya kila bati, mdogo, hauna madhara. Ngozi zikiungua, mabati yanashikana, umeme unapata uwanja wa kuzunguka, na chuma kinajipika. Shaba inaweza kuwa imesukwa kwa ustadi wote wa duniani, bado itateketea, kwa sababu imelazwa kwenye kitanda cha moto.

Ukitaka kuelewa hasara ya chuma, simama chini ya transfoma ya mtaa mchana, watu wakiwa makazini na nyumba ziko kimya. Utaisikia inavuma. Hakuna anayepiga pasi, hakuna feni, na bado inavuma na ina uvuguvugu. Chuma kinakula chake, mtumiaji awepo asiwepo. Wiki zile za msiba nilipitia chini ya ile ya kwetu nikienda dukani, nikasimama. Nilikuwa sijafanya kazi yoyote tangu tuzike, nalala, naamka, nakaa mkekani na wanawake, na nilikuwa nimechoka mwili mzima. Nikasema, basi ndivyo. Nikalia pale pale, mkononi nina mfuko wa sukari.

Sasa ngozi za mabati zinaunguaje? Hapo ndipo palipokuwa na maneno niliyoshindwa kumwambia mama.

Mota ikiungua, waya wa zamani umegandishwa na vanishi ndani ya mifereji, huwezi kuung'oa. Lazima vanishi iunguzwe kwanza. Karakana yetu ya Temeke ina tanuri lenye kipimo, joto linapanda taratibu na halipewi nafasi ya kuzidi, kwa sababu likizidi linaondoka na vanishi pamoja na ngozi ya chuma. Mafundi wa uani hawana tanuri. Wanakoka moto, wanailaza mota juu yake, wanasubiri. Kwetu moto nilioushuhudia, maana siku nyingi za kuchoma nilikuwa shuleni, ulikuwa wa vifuu vya nazi. Vililetwa kwa viroba kutoka sokoni Buguruni, kwa wakuna nazi, na vikishika vinatoa moto mweupe ambao huwezi kuusogelea. Ninaukumbuka vizuri. Nilikuwa nikiufurahia, mota inageuka nyekundu kwa chini, na baba amesimama pembeni amejifunika pua kwa kipande cha kanga kilicholowa maji.

Mota ya mama ililazwa kwenye moto ule kila ilipoungua. Na kila ilipochomwa, ngozi nyingine za mabati ziliondoka, joto likazidi, ikaungua upesi zaidi, ikarudishwa tena motoni. Wala haikuwa na mkosi. Ilikuwa inauawa kidogo kidogo, na aliyekuwa akiiua ndiye aliyekuwa akiifufua.

Nilimkasirikia baba. Nasema ukweli, nilimkasirikia akiwa kaburini, nikiwa kitandani kwangu naangalia dari. Mtu aliyekuwa akinichapa kidole kwa kukwaruza waya, aliyekataa kutumia vanishi rahisi ya dukani kwa sababu si nzuri, alikuwa na haraka gani kwenye moto? Makaa kidogo yangetosha. Angekaa nayo siku nzima, chuma kingepona. Na sasa mimi ndiye niende nikamwambie mjane wake kwamba ile mikono anayoiona kwenye mota ndiyo iliyoiharibu. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, nikagombana na kila mtu kazini.

Fundi mkuu wetu ni mtu wa Newala, mkimya, Jumapili anaimba kwaya. Aliniuliza nina nini, nikamwambia. Akasema, "Dada, usimhukumu mzee kabla hujapima. Ilete hapa, tuipige umeme wa chuma tuone."

Kipimo hicho hakigusi shaba. Unatoa kile kiini kinachozunguka, linabaki tundu katikati. Unapitisha waya mnene ndani ya tundu, unauzungusha kwa nje, unaurudisha ndani, mizunguko kadhaa, halafu unaupa umeme. Koili za mota zimelala tu, hazifanyi kitu. Sumaku inaizunguka ile pete ya chuma peke yake. Chuma kisichoungua kinapata uvuguvugu sawasawa pande zote. Kilichoungua kinajionyesha chenyewe: pale mabati yaliposhikana panakuwa pa moto, na unaweza kupatafuta kwa kiganja.

Nilimwambia mama tunaipeleka Temeke kuipima. Akasema anakuja nayo. Nilijaribu kumzuia, akaniuliza tangu lini nimekuwa mume wake.

Alikuja amevaa baibui lake jeusi la kutokea, akakalishwa kwenye kiti karibu na mlango, mbali na vumbi. Fundi mkuu akamfuata alipo.

"Shikamoo mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa."

"Kazi ya mzee nimeiona. Huu mfungo wa uzi siku hizi huwezi kuupata. Vijana wetu wanafunga kama mzigo wa kuni."

Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza nimsikie tangu masika. Niliona uchungu zaidi kwa kicheko kile kuliko kwa kilio chochote.

Tuliwasha. Waya mnene ukaanza kuvuma, chuma kikaitikia, ile sauti ya transfoma. Tukasubiri. Nilipitisha kiganja juu ya meno ya chuma ndani ya tundu, upande wa juu, uvuguvugu wa kawaida. Pembeni, uvuguvugu. Nikashuka chini, upande uliokuwa ukilala motoni, nikautoa mkono bila kutaka.

"Wapi?" mama aliuliza. Alikuwa ameshanyanyuka.

"Mama, usiguse."

Aligusa. Fundi mkuu alizima swichi, lakini chuma hakipoi kwa kuzimiwa swichi. Mama aliweka kiganja pale pale nilipotoa changu, midomo ikaanza kucheza, nikajua anamswalia Mtume. Nilimshika kifundo nikamvuta. Kiganja kilikuwa chekundu.

"Hata nusu," alisema. "Hata nusu sijafika."

Sikuona njia nyingine. Nikamwambia pale pale, tumesimama, kwamba koili za baba ni nzima na hazina kosa, ila chuma kimekufa na hakuna fundi anayeweza kukirudisha. Nikamwambia kimekufa kwa moto, ule wa uani, ulikuwa mkali mno. Nilikuwa nimepanga kusema na jina la baba liwemo, maana ndiye fundi, lakini halikutoka.

Mama aliangalia ile mota, waya mnene bado umeipitia tumboni.

"Ule wa vifuu," alisema.

"Ndiyo."

"Ule nilikuwa naukoka mie."

"Najua ulikuwa unaukoka, mama, lakini yeye ndiye aliyekuwa anajua kiasi..."

"Hujui. Nyamaza nikwambie." Akakaa. "Baba yako alikuwa anataka makaa. Kidogo kidogo, asubuhi mpaka jioni. Sasa makaa kidogo yale, vanishi haiwaki, inatoa moshi tu. Mweusi, mzito, unatambaa chini uani kote, na yeye kaukalia siku nzima anageuza mota. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Moto ukiwa mkubwa moshi unapanda juu, unaondoka, kazi inakwisha upesi. Basi akienda kuswali adhuhuri namwaga vifuu. Anarudi anakuta unawaka. Ananiambia, mke wangu, utaniunguzia chuma. Namwambia, chuma hakikohoi."

Fundi mkuu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Akakubali?" niliuliza.

"Za watu hakukubali. Za watu alikaa na makaa yake, hataki ugomvi na mali ya mtu. Ya kwangu tu ndiyo aliniachia. Alisema ya kwako choma utakavyo, nitakusukia tena." Alikiangalia kiganja chake. "Nikaona angalau kwa hii moja, kifua chake kipumzike. Sasa chuma kimeungua, na kifua hakikupona."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mbele ya mafundi wote, mimi ambaye mota zinaniogopa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia marehemu wiki nzima kwa kosa ambalo halikuwa kosa. Kila mota ya mama ilipoungua, baba alijua kwa nini, akaisuka bila neno, na tulipomcheka kwamba ya mkewe haitulii, alicheka na sisi.

Fundi mkuu aliuliza kwa upole kama tuing'oe shaba, maana ingali nzuri. Kuing'oa ni lazima iingie tanurini. Mama akasema hapana, isichomwe tena.

Nilimtafutia mota nyingine, nikakipima chuma chake kwanza, nikaifunga mwenyewe. Inasaga vizuri, haina makelele. Wachinjaji wanasema unga sasa unatoka laini, na mama anawaitikia tu. Ile ya kijani tuliirudisha nyumbani, iko pembeni ya mashine, juu ya matofali mawili, na kiini chake nimekirudisha ndani ingawa hakitazunguka. Uzi mweupe wa baba unaonekana ukichungulia.

Jumapili iliyopita nilifika mapema, mlango wa mbele uko wazi, hakuna mteja. Mama alikuwa amesimama karibu na ile mota ya zamani, kiganja mgongoni mwa mota, midomo inacheza. Nilisubiri nje nisimkatize. Alimaliza swala ya kwanza, akamaliza ya pili, akamaliza na ya tatu, mkono bado upo. Akaipapasa mota kidogo, akajifuta vumbi kwenye kanga, akaenda kuwasha ile nyingine.